Muulize Fundi: Boksi la umeme, ukuta wa chokaa na hewa ya chumvi

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja za DB, lile boksi la breka za nyumba, na maboksi mengine ya umeme, naona masika yamepita watu wamefungua vifuniko wakakuta mambo. Tumechagua chache tumezifupisha, na waliouliza kitu kimoja watajiona humu humu.

Assalaam alaykum fundi. Nna nyumba ndogo ya wageni Jambiani, pwani kabisa. Nilinunua boksi la plastiki limeandikwa IP65, muuzaji akanambia hili hata ulimwagie maji kwa mpira haliingii kitu. Fundi akalifunga nje, ukuta unaotazama bahari, kwa ajili ya pampu na taa za njiani. Masika haya taa zikawa zinazima zima, tulivofungua tukakuta maji yametuama chini na breka zimeota kijani. Nimeuziwa feki au vipi? (Baba wa nyumba ya wageni, Jambiani)

Waalaykum salaam kaka. Inawezekana feki ila mie simlaumu muuzaji kwanza. IP ni kipimo cha boksi linavyozuia vumbi na maji. Ile 6 maana yake vumbi haliingii kabisa, na ile 5 maana yake boksi linahimili maji ya kurushwa kwa mpira kutoka upande wowote. Sasa namba hiyo ni ya boksi zima, kifuniko kimekazwa na kila tundu lina kizibo chake. Siku fundi alipotoboa tundu la kidole gumba akapitisha waya tatu pamoja, namba imeshakufa, lililobaki ni IP ya bahati nasibu. Halafu hata likiwa zima 5 si kuzamishwa, ya kuzamishwa ni 7, na hiyo yenyewe ni mita moja kwa nusu saa tu.

Hebu litazame tena hilo boksi, waya umeingilia wapi? Kama umeingilia juu basi umeshapata jibu lako, maji ya mvua yanateremka na waya mpaka ndani. Waya uingilie chini, tena kabla ya kuingia uachwe ushuke chini ya usawa wa boksi ndo upande, ili maji yadondoke pale kwenye tumbo la waya yasifike tundu. Glendi (kile kizibo cha kukazia waya kwenye tundu) moja waya mmoja na saizi zilingane, na hapa ndipo mafundi wengi tunapofanya mchezo: ule waya bapa wa ndani ya nyumba unautia kwenye glendi ya duara, unakaza mpaka mkono unauma, na pembeni bado pana nafasi maji yanapita. Nje tumia waya wa duara. Angalia na mgongo wa boksi pia. Maboksi mengi yana matundu ya skrubu kwenye pembe, nje ya ule mpira wa kifuniko, lakini fundi mwenye haraka anatoboa katikati ya mgongo anapiga skrubu mbili kwisha kazi, na ukuta ukilowa maji yanaingia kwa nyuma na weye unashughulika na kifuniko.

Najua utaambiwa paka silikoni. Sawa, lakini ile inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka, na ndani ya boksi lililofungwa ile asidi inakula shaba, nishaona terminali (pale waya unapokazwa) za kijani kwenye boksi ambalo halikuingia tone la maji. Tafuta isiyonuka siki, na uitumie kusaidia glendi, si mahali pa glendi.

Na maji mengine hayaingii, yanazaliwa humo humo. Mchana jua linalipika boksi hewa inatanuka inatoka, usiku linapoa linavuta hewa ya pwani yenye unyevu, alfajiri linatoka jasho ndani, kila siku kidogo kidogo mpaka unakuta kidimbwi. Dawa yake ni kivuli, na kuna vidude vidogo vya kupumulia na kutolea maji vinafungwa chini ya boksi kama glendi, vinatoa maji bila kuharibu ile IP yako. Lakini swali langu kubwa kwako ni hili, nyumba ina kuta nne kwa nini boksi lifungwe kwenye ule unaotazama bahari? Kusi likivuma upande wenu wa mashariki unapokea chumvi usoni, hakuna boksi linalopenda hivo. Lihamishie upande wa nyuma chini ya upenu, hiyo peke yake itakusaidia kuliko kununua boksi la bei mara mbili.

Ukihamisha badilisha na skrubu. Hizi za kawaida za rangi ya fedha zina zinki tu juu, pwani zinaoza kabla ya boksi. Chukua stenlesi, na ikiwezekana iwe 316 kwa sababu ina molibdenamu ndani yake ndo inastahimili chumvi, ile 304 inatoka madoa ya kahawia mapema. Wapo wanaojaribu kwa sumaku, sumaku haikwambii ipi ni ipi, uliza au soma kichwa cha skrubu. Na boksi la plastiki la nje liwe limetengenezwa kwa ajili ya jua, polikaboneti yenye kinga ya jua kwa mfano, plastiki nyengine baada ya muda zinageuka manjano halafu ukikaza skrubu zinapasuka.

Hizo breka za kijani usizisugue na msasa ukazirudisha, zitupe. Chumvi ikishaingia kwenye mitambo ya ndani huna njia ya kujua kama siku ya shoti itakata au itakaa kimya.

Fundi nnajenga Chake Chake. Fundi wangu anataka DB la chuma, dukani wananambia siku hizi plastiki, bei rahisi na haliozi. Nimsikilize nani? Na nichukue la njia ngapi, nyumba vyumba vitatu, pampu ya kisima, hita moja, friji, na AC inshaallah baadae. (Mjenzi, Chake)

Wote wawili wana haki, inategemea linakaa wapi. Uingereza tangu Januari 2016 kanuni zao za umeme zinataka DB la nyumba ya kuishi liwe na boksi lisiloungua, na kwa wengi hiyo maana yake chuma, kwa sababu waliona moto mwingi unaanzia kwenye maboksi ya plastiki. Lakini ukitazama chanzo si plastiki yenyewe, ni terminali zilizolegea. Waya haukukazwa vizuri, unapita umeme mkubwa, pale panapata moto, plastiki inayeyuka, inawaka. Chuma hakizuii terminali kulegea ila kinaufungia ule moto ndani.

Kwa hiyo ndani ya nyumba, sehemu kavu, mie namuunga mkono fundi wako, chuma chenye rangi ya kuokwa. Sharti lake ni moja na halina mjadala, boksi lenyewe lifungwe ethi (waya wa kwenda ardhini), na mlango wake ukiwa wa chuma basi nao upate waya wake wa ethi, usitegemee bawaba. Laini, yani waya wenye umeme, ikigusa boksi la chuma lisilo na ethi mtoto akalishika, sina haja ya kumalizia. Na tundu lolote linalopitisha waya kwenye chuma litiwe mpira au glendi, ukingo wa bati unakata ngozi ya waya taratibu. Kama ungekuwa Wesha au Mkoani karibu na maji ningekwambia plastiki nzuri, ile ambayo karatasi yake inasema imepita jaribio la waya wa moto, wanaandika nyuzi 650, 850 au 960, kubwa ni bora. DB la plastiki lisiloandikwa kitu chochote, hata jina la kiwanda hakuna, aka, liache hapo hapo dukani.

Njia ngapi sasa. Taa mbili, yani nusu nyumba nusu nyumba ili usikae kizani kote, soketi mbili, pampu, hita, friji, AC. Hizo ni 8. Ongeza 3 au 4 za kesho, maana kesho kuna kibanda cha uani na kamera na sijui nini. Halafu tazama kwenye boksi wamehesabuje, viwanda vyengine vinahesabu nafasi zote, nafasi moja ni kama milimita 18, na meni swichi inakula mbili na RCD, ile swichi inayokata umeme ukivuja, inakula mbili nyengine, kwa hiyo la "njia 12" linaweza kuwa 8 tu za kutumia. Mie kwako ningechukua la nafasi 16. Boksi kubwa lina faida nyengine, waya zinapumua, fundi anaona anachofanya. Lililojazwa mpaka kifuniko kinasukumwa kwa goti ndo linalopata joto.

Friji nimeitenga makusudi. Ipe breka yake yenye RCD ndani yake, isipitie RCD ya nyumba, ukisafiri Unguja wiki nzima hita ikavuja RCD ya nyumba ikaanguka, samaki wako wasiharibike.

Na breka inalinda waya, hailindi kifaa. Taa waya wa 1.5 (milimita za mraba) breka ya 6 au 10 (ampea), soketi waya wa 2.5 breka isizidi 20. Breka ikianguka anguka halafu mtu akakutilia ya 32 kwenye waya ule ule wa 2.5 na "tatizo likaisha", ujue limehamia ukutani. Pampu chukua breka ya herufi C, ile inavumilia mvuto wa kuanzia, C inakata papo hapo kuanzia mara 5 mpaka 10 ya kiwango chake wakati B ni mara 3 mpaka 5.

Nimepanga nyumba ya zamani Mkunazini, chini. Boksi limefungwa mara mbili limeanguka mara mbili, skrubu zinatoka na unga wa chokaa. Na ukuta huo una unyevu. Fundi anataka kuchimba alizamishe ndani. (Mpangaji, Mji Mkongwe)

Asichimbe. Kuta hizo ni mawe ya matumbawe yamepangwa kwa chokaa na udongo, ukichimba shimo la boksi huchimbi tofali unang'oa jiwe, na jiwe moja likitoka jirani zake wanalegea. Tena huo ni mji wa urithi wa dunia tangu 2000 na una Mamlaka yake ya Uhifadhi, kabla hujakata ukuta mwenye nyumba aende akaulize, isije ikawa kesi juu ya boksi.

Lifungwe juu ya ukuta. Skrubu zinatoka kwa sababu zimepigwa kwenye chokaa kati ya mawe, pale hapashiki hata utie fisha (ile plastiki ya kushikia skrubu) kubwa vipi. Tafuta jiwe lenyewe, gonga na kishikio cha bisibisi usikilize, pale panapolia pagumu ndo pako. Toboa na drili bila ile nyundo yake, taratibu, pangusa unga wote kwenye tundu, ndo utie ile gundi ya mrija inayochanganyika puani na nondo zake za nyuzi, hiyo inashika jiwe laini vizuri kuliko fisha inayotanuka na kupasua. Matundu manne ya boksi hayatoangukia kwenye mawe manne, hilo lisahau, kwa hiyo funga kwanza chaneli mbili za chuma zilizopakwa zinki, kila moja imeshikwa pale jiwe lilipo, halafu boksi likae juu ya chaneli. Umeua ndege wawili, maana sasa nyuma ya boksi pana upenyo hewa inapita, unyevu wa ukuta haugusi mgongo wake.

Ila ukuta wenyewe ungeubadilisha kama unaweza. Chini ya nyumba hizo unyevu unapanda kutoka ardhini na chumvi yake, na walipopiga plasta ya saruji juu ya chokaa ndo wakaufungia humo. Ukuta wa ndani wa kugawa vyumba kwa kawaida mkavu zaidi ya wa njia. Ukiona rangi inabambuka na unga mweupe, hapo hapafungwi kitu cha umeme.

Fundi samahani, RCD yangu inaanguka kila jioni, fundi jirani kasema tuiruke tu iwe "dairekti". Boksi lipo jikoni juu ya jiko la gesi. Mume wangu yuko safarini. (Mama, Fuoni)

Mama, mwambie jirani ahsante sana lakini hapana. RCD inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ukipungua miliampea 30, hata kabla ya kufika 30 kamili, inakata, kwa sababu kilichopungua kinapita pahala kisipotakiwa, na pahala hapo panaweza kuwa mwili wa mtu. Kuiruka ni kumfukuza mlinzi kwa kuwa anapiga kelele usiku.

Inaanguka jioni, basi jiulize jioni mnawasha nini. Mara nyingi ni hita ya kukogea, au pampu, au taa ya nje iliyoingia maji. Zima breka ndogo zote, pandisha RCD, halafu washa moja moja, ile ya kuiangusha ndo yenye mgonjwa. Chomoa vifaa vya upande huo urudie. Ikianguka na vifaa vyote vimechomolewa basi ni waya wenyewe au soketi yenye unyevu, hapo aje fundi na kipimo. Huhitaji kufungua kifuniko kwa kazi yote hii na usikifungue, maana hata meni swichi ikiwa imezimwa, upande wake unaotoka mita bado una umeme, watu wengi hawalijui hilo. Na ile sili ya mita haivunjwi na fundi wa mtaani hata awe hodari vipi, mita ni ya ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, kazi ya kabla ya swichi yako inaombwa kwao.

RCD ina kitufe cha T, bonyeza kila baada ya miezi mitatu hivi, lazima ikate. Isipokata haifanyi kazi.

Boksi juu ya jiko litoke. Mvuke, mafuta, joto, na siku likiwaka utanyosha mkono juu ya moto kuzima? Lipelekwe ukumbini au koridoni, vitufe viwe usawa wa macho ya mtu mzima au chini kidogo, mita moja na nusu takriban, watoto hawafiki na weye hupandi kiti. Mbele yake pawe wazi, si nyuma ya kabati, si ndani ya kabati la nguo, na chumba cha kukogea kabisa hapana. Nafasi zisizo na breka zitiwe vizibo, vile vya plastiki bei yake si kitu, tundu likiachwa wazi kidole cha mtoto kinaingia, na mjusi naye anaingia. Mjusi kwenye basiba, ile shaba inayogawa umeme kwenye breka, ni shoti.

Nyumba yangu ya miti na udongo, makuti juu, Micheweni. Naweza kutia umeme? Ardhi ni mawe, nguzo ya ethi haiingii. (Mvuvi)

Unaweza. Udongo haushiki skrubu, boksi lifungwe kwenye nguzo ya nyumba au kwenye ubao mgumu uliofungwa nguzo mbili, liwe la chuma, mbali na makuti kadri unavoweza, na waya zipite kwenye peipu zisiachwe kuning'inia kwenye paa. Ethi kwenye mawe ni tabu kweli, jaribu pahala pengine penye udongo hata kama ni mbali na nyumba, karibu na pale maji ya kukogea yanapomwagika mara nyingi pana unyevu, au fundi atumie nguzo mbili tatu zilizounganishwa. Apime, asikisie. Kwenye ethi dhaifu breka ya kawaida haitokata laini ikigusa chuma, RCD ya miliampea 30 ndo itakayokata, mafundi wanalenga ethi isizidi omu 200 ili isiyumbe kiangazi. Bila RCD kwako nisingewasha.

Nna sola Nungwi, betri na paneli. Naweza kutia breka za kawaida za DB upande wa paneli, nnazo nyingi zimebaki? (Mwenye duka)

Usizitumie. Umeme wa ZECO unafika sifuri mara 100 kila sekunde, cheche ndani ya breka inapata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli ni wa moja kwa moja (DC), haufiki sifuri, ile cheche inaendelea kuwaka ndani ya breka mpaka boksi linashika moto, tena mchana jua likiwa kali huna pa kuzimia. Nunua breka zilizoandikwa DC na volti zake zizidi volti za paneli zako zote zikiwa zimeungwa pamoja, na nyingi zina alama ya jumlisha na kutoa, ukizigeuza hazikati. Boksi lake liwe mbali na lile la umeme wa ZECO, au kama ni moja basi liwe na ukuta katikati, na ubandike karatasi kwenye kifuniko iseme waziwazi ndani kuna umeme wa paneli hata meni ikiwa imezimwa.